Sahani ya Bibi Arusi Nuwayra

Katika mji wa Zafarani alitawala Sultani Mundhir bin Ghassan, mtu wa haki na mpenda vyombo vizuri, na katika enzi yake walifika mfinyanzi mmoja Mtaliani na binti yake. Mfinyanzi aliitwa Baldassare Rambelli, mzaliwa wa Faenza, si wa Urbino kama walivyosema sokoni, na binti aliitwa Bernardina. Vita vilikuwa vimebomoa tanuri lao huko kwao, na mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka, kwa hiyo baba alifinyanga na binti akachora.

Sultani akawaambia kwamba mwanawe Aghlab ataoa baada ya mavuno, na bibi arusi atakula chakula chake cha kwanza katika sahani nyeupe kama maziwa. Wakiweza kuitengeneza, watapewa nyumba na kuwa raia wake; wasipoweza, watarudi baharini.

Weupe huo hutokana na bati, na bati lao lilikuwa limezama njiani. Mubashir, mtunza ghala wa Sultani, akawaletea gudulia kuukuu la bati, lililozibwa kwa muhuri. Bernardina alipoliyeyusha moshi ukapanda, na ndani ya moshi akasimama jini, kichwa chake kikigusa dari, akainama kwa adabu.

"Amani iwe juu yako, ewe binti wa Baldassare. Mimi ni Zamharani bin Tarfush, niliyefungwa humo kabla mji huu haujajengwa. Niombe jambo moja, nami nitalitenda."

Baldassare alimshauri aombe dhahabu. Bernardina akasema ataomba atakapohitaji, akalichoma lile bati hata likawa jivu, akalisaga pamoja na mchanga na kuupaka udongo, na sahani ikawa nyeupe. Kisha akachora juu yake uso wa mwanamke mzuri, maana huko Faenza sahani ya arusi huchorwa uso wa bibi arusi, na hiyo ndiyo heshima yake.

Bi Rayhana, mama yake Mubashir na mlezi wa Aghlab, akaja kuitazama kazi, akakaa kitako pale pale.

"Mwanangu, huyu nani?"

"Bibi arusi."

"Umemwona wapi?"

"Sijamwona, Bibi. Nimemchora jinsi ninavyomdhania."

"Hata mumewe hajauona uso wake, na wewe unataka mji mzima uutazame sahanini?"

Akamweleza kwamba Sultani ataona ametukanwa, nao watakuwa baharini kabla wali haujapoa. Lakini weupe wa bati, kabla sahani haijachomwa tanurini, ni kama vumbi, nao hunywa rangi papo hapo. Mstari ukishachorwa haufutiki. Na bati jingine halikuwako. Bernardina akamwita jini amfutie.

Zamharani akaitazama sahani kwa huzuni. "Bibi yangu, bati hilo na mimi tumekuwa kitu kimoja. Nilichokwisha kukinywa siwezi kukitapika. Niombe jingine."

Bernardina akalia kidogo, kisha akashika burashi. Nywele akazigeuza matawi, na macho makomamanga mawili, na midomo njiwa aliyekunja mabawa, na shingo shina, akaongeza majani hata uso wote ukapotea ndani ya mti.

"Ewe Zamharani," akasema, "nimemficha kadiri nilivyoweza. Ingia motoni pamoja naye. Huyu niliyemdhania mfanye awe bibi arusi mwenyewe, na mtu yeyote asimwone ila bibi arusi huyo."

Jini akasita, maana tanuri nalo ni kifungo. "Utanifungulia?"

"Nitakufungulia mimi mwenyewe."

Akaingia. Na tanuri lilipopoa Bernardina alilifungua kwa mkono wake, na upepo wa vuguvugu ukampita shavuni ukaenda zake.

Siku ya arusi Sultani aliusifu ule mti na njiwa wake. Bibi arusi, aliyeitwa Nuwayra binti Harith, naye aliyetoka nchi ya mbali, akala wali kwa unyonge, na alipofika chini ya sahani watu wakamsikia akicheka ndani ya ushungi. Sultani akamuuliza kilichomchekesha.

"Maulana," akajibu, "nilidhani nimekuja mahali nisipojulikana, kumbe nimetangulia kufika."

Hakuna aliyeelewa, ila Bernardina, aliyejua kwamba Nuwayra ameuona uso wake mwenyewe kati ya majani. Wakapewa nyumba na tanuri na mali nyingi, na mwaka uliofuata Mubashir akamposa Bernardina, na sahani ya arusi yao ikachorwa mkomamanga.

Hayo ndiyo yaliyokuwa Zafarani. Mgeni na aulize desturi za watu kabla ya kushika burashi, na mwenyeji naye asimfukuze mgeni kabla tanuri halijapoa.