Kiti Kilichowarusha Wakubwa

Masikio mmekuja nayo? Basi yategeni.

Mji mmoja ulifiwa na mkuu wake, na zimwi likaapa: "Kiti kikibaki kitupu hadi Ijumaa, kisima ni changu!" Nacho kiti hicho kilikuwa cha ajabu, kiliweza kusema.

Akakikalia tajiri. Kiti kikauliza, "Ukiugua, nani atashika nafasi yako?"

"Mimi siugui!"

Kikamrusha, pu!

Akakikalia shujaa. "Ukiugua, nani atashika?"

"Mwanangu."

Pu!

Ijumaa watu wakamsukuma mbele Bi Mwanakheri, msusi wa mikeka. Akakaa.

"Ukiugua, nani atashika?"

Akamwona Shaali mhunzi, aliyebishana naye kila siku sokoni. Alimkera sana, ila hakuwahi kumdanganya.

"Yule pale."

"Mimi?" Shaali akashangaa. "Si jana tu uliniita kichwa kigumu?"

"Na bado ni kigumu. Njoo ukae!"

Kiti kikacheka, kikatanuka, kikawatosha wote wawili. Zimwi likaja na ndoo zake, likakuta kiti kimejaa, likatimua mbio.

Vigelegele! Watu wakateka maji, wakapika pilau, na mkuu na makamu wake wakabishania chumvi mpaka sufuria ikabaki tupu.