Mzinga wa Jumbe Sengondo

Jumbe Sengondo alikusanya ng'ombe wa kijiji kizima zizini mwake ili awatoe kununulia mzinga wa kumpiga adui. Bi Nakiete, mjane muuza chumvi, alipokonywa Tunu, ng'ombe pekee aliyeachiwa na marehemu mumewe.

"Jumbe, nani atauonyesha huo mzinga adui alipo?"

"Mzinga una mdomo kuliko wewe. Nenda kauze chumvi!"

Mzinga ukaletwa. Muuzaji angekuja Ijumaa kuwaswaga ng'ombe hao, malipo yake. Ndipo ikajulikana kwamba hakuna askari aliyejua ngome ya adui ilipo. Bi Nakiete akaitwa.

"Wewe mchuuzi unapita kote. Tuongoze!"

"Inshallah, Jumbe. Ila njia ni ndefu."

Waliusukuma mzinga porini siku mbili, wakizunguka kilima. Alfajiri ya Ijumaa ukuta ukaonekana ndani ya ukungu.

"Ndiyo ngome ile?"

"Piga pembeni, Jumbe, ukuta ni mwembamba pale."

Mzinga ukanguruma, ukuta ukaanguka. Ng'ombe wakatoka mbio, kila mmoja akielekea kwao. Tunu alikuja kumlamba Bi Nakiete mkono.

"Mwanamke! Hili si zizi langu, upande wa nyuma?"

"Alhamdulillahi," alisema Bi Nakiete, akimfunga Tunu kamba. "Mzinga ni mzuri. Sasa kilichobaki ni kumjua adui alipo."