Nguchiro na Kupe wa Kampuni ya Kivuli

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika, wakifua na kushika simu kama sisi, kelele zilisikika ndani ya ofisi moja ya bima.

"Mama yangu hana kifafa!"

"Anacho."

"Hana!"

"Basi unacho wewe," alisema Fisi huku akijilamba pua. "Mmoja wenu anacho. Na mmoja wenu ni mlevi. Na mmoja wenu moyo wake unarukaruka. Nyumba moja, wagonjwa kibao! Kampuni ya Kivuli haiwezi kuwabeba."

Aliyebishana na Fisi alikuwa Nguchiro, binti mdogo mwenye miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alikuja kumwombea bima mama yake, ambaye alikuwa na pumu. Kipupwe kilikuwa kinakaribia, na kila kipupwe kifua cha mama kilibana zaidi kuliko mwaka uliotangulia. Hospitali ya mlimani ilikuwa na mashine ya kumsaidia kupumua, lakini haikumpokea asiye na kadi ya bima. Bila kadi, mama asingeumaliza msimu wa baridi. Nguchiro alijua hivyo. Mama naye alijua, ingawa hawakuwahi kuambiana.

"Nani kakwambia maneno hayo?" aliuliza Nguchiro.

"Simu yako."

"Simu yangu haina mdomo!"

"Hii hii hiii!" Fisi alicheka mpaka meza ikatikisika. "Si uliingia kwenye tovuti yetu kuuliza bei? Ukabonyeza Nakubali?"

Nguchiro akaitazama simu yake. Alikumbuka. Alipofungua tovuti ya Kivuli, maandishi yalijitokeza yakaziba ukurasa mzima, mistari midogo kama sisimizi. Chini yake palikuwa na kitufe kikubwa cha kijani: NAKUBALI. Bando lilikuwa linakaribia kwisha. Mama alikuwa anakohoa. Akabonyeza.

Sasa sikilizeni, wadogo zangu. Ndani ya tovuti ile waliishi kupe, wadogo kiasi kwamba hakuna aliyewaona. Ukibonyeza Nakubali, wanairukia simu yako. Wewe ukitoka kwenye tovuti, wao hawatoki. Wanakaa humo kimya, na kila unachouliza kwingine, wanakinyonya. Wakishiba wanarudi kwa Fisi na kumtapikia yote mezani.

"Lakini niliwaulizia majirani!" alisema Nguchiro. "Mtaani kwetu simu ni moja tu, hii yangu. Kila mwenye shida anakuja kwangu."

"Kupe hawasemi uongo, binti."

"Na sheria? Sheria inawaruhusu kunifuata mpaka nyumbani?"

"Sheria imebandikwa humu humu ofisini. Isome, nani kakuzuia?"

Nguchiro akageuza shingo huku na huku. Kuta zote zilijaa picha za Kiboko, mwenye kampuni, akicheka meno nje. Sheria hakuiona.

"Anayefuata!" aliita Fisi.

Nguchiro alirudi nyumbani akiburuta mkia. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, maana ndani hewa ilikuwa haimtoshi. Kifua kilimlia hwii, hwii, kama mlango uliokosa mafuta.

"Wamekupa?" aliuliza.

"Bado kidogo, mama."

"Usinigombanie huko, mwanangu. Kho! Kho! Wenye ofisi hawagombwi."

"Sijagombana na mtu."

Mama alimtazama, akatabasamu. Alimzaa mwenyewe, alimjua.

Jioni ile majirani walikuja kusikia habari. Nguchiro aliwaeleza yote. Nungunungu akaanza kulia.

"Kifafa ni cha mtoto wangu. Mimi ndiye niliyekuomba uulize dawa yake."

Ngiri akainamisha kichwa. "Ya pombe ni yangu. Nilitaka kujua mtu anaachaje."

"Moyo ni wangu," alisema Mzee Kobe. "Na bei ya jeneza ni yangu pia, utanisamehe."

"Jeneza? Fisi hakunitajia jeneza."

"Atalitaja tu."

Ndani, mama alikohoa kwa muda mrefu, nao wakakaa wakimsikiliza mpaka akapumzika.

"Kupe wanaijua simu," alisema Nguchiro polepole. "Hawamjui anayeuliza. Mzee Kobe, Kiboko naye ana simu?"

"Ana simu pana kama sinia. Kila siku anafungua tovuti yake ajitazame picha."

"Basi na yeye alibonyeza Nakubali."

"Bila shaka. Nani anasoma yale maandishi?"

"Kesho twendeni mtoni," alisema Nguchiro. "Kila mmoja aje na swali lake lile lile."

Kesho yake walimkuta Kiboko amejilaza kwenye maji ya kina kifupi. Shavu lake moja lilikuwa limevimba kwa jino bovu. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye jiwe, ikimeta.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa!"

"Marahaba. Mnataka nini? Ofisi iko kule."

"Hatutaki kitu, Bwana Mkubwa. Tumebishana tu. Mimi nimewaambia hakuna simu inayojibu kila swali. Ngiri anasema yako inajibu."

"Ala! Inajibu!" Kiboko aliinua kichwa, maji yakamwagika chwaa. "Inakusikia ukiongea nayo. Haihitaji hata kubonyeza!"

"Ah, wapi. Yangu nikiiuliza dawa ya kifafa inazunguka weee, mpaka bando linakwisha."

"Yako ni takataka. Sikiliza!" Akaifokea simu kwa sauti yake nzito: "NINATAKA DAWA YA KIFAFA!"

Simu ikajibu palepale. Nungunungu alisikiliza kwa makini sana, maana kwake swali halikuwa mchezo.

"Loo!" alisema Nguchiro. "Labda imebahatisha. Haiwezi kujua mlevi anaachaje pombe."

"Thubutu! NITAACHAJE POMBE?"

Ikajibu.

"Moyo unaorukaruka je?"

"MOYO WANGU UNARUKARUKA!"

Ikajibu. Mzee Kobe akajipapasa kifua.

"Bwana Mkubwa, tumeshindwa," alisema Nguchiro. "Limebaki moja tu. Hili nadhani hata yako itakwama. Bei ya jeneza."

"LA SAIZI GANI?" alinguruma Kiboko, amesahau hata jino lake. "NITAFUTIE JENEZA LA SAIZI YANGU!"

Wakamshukuru wakaondoka. Njiani Ngiri alinong'ona, "Ile ya kuacha pombe imesema nianze na maji mengi." Nguchiro akamwambia aanze leo.

Siku ya kwanza ya kipupwe, kama kila mwaka, kadi zote za bima zilikuwa zikibadilishwa, hata ya mwenye kampuni. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito. Mama Nguchiro alikuwa hawezi tena kulala chali. Binti yake alimtoa nje, akamfunika kanga mbili, akampigia Mzee Kobe hodi aje akae naye.

"Nitakusubiri hapa hapa," alisema mama. Kila neno lilikuwa na pumzi yake. "Nenda. Usigombane."

Nguchiro alikimbia. Foleni ya Kivuli ilifika barabarani, lakini mwili mdogo una faida zake, akapenya katikati ya miguu mpaka ndani. Mara nyuma yake akasikia, du! du! du! Kiboko alikuwa amekuja, shavu limefura kama mpira.

"Fisi! Kadi yangu upesi! Daktari wa meno ananisubiri."

Fisi akasoma kwenye mashine ya mezani. Akasoma tena. Masikio yakamlala.

"Bwana Mkubwa... imekataa."

"Nani amekataa?"

"Mashine."

"Mashine ya nani?"

"Ya kwako, Bwana Mkubwa. Kupe wanasema una kifafa. Na pombe imekushinda. Na moyo... Na umeshatafuta jeneza."

Foleni nzima ikasema, "Mh!"

"Funga mlango!" alinguruma Kiboko. Hakungoja. Aliusukuma mwenyewe kwa makalio, pu! Waliobaki nje wakabaki nje. Nguchiro alibaki ndani, kwenye pembe, karibu na bawaba.

Na pale, nyuma ya mlango, palikuwa na karatasi ya njano. Ofisi ile mlango wake ulikuwa wazi kutwa nzima, umeegemea ukuta. Sheria ilikuwa imebandikwa kweli. Ilibandikwa mahali ambapo hakuna mteja angeweza kuiona. Nguchiro akaisoma kwa midomo tu, bila sauti: mnyama yeyote anaweza kukataa kufuatwa, anaweza kuonyeshwa kinachosemwa juu yake, na kikiwa cha uongo kisahihishwe, na akitaka kifutwe.

"Sikujiulizia mimi!" Kiboko alikuwa akipiga kelele. "Niliwaulizia majirani!"

"Nguchiro naye alisema hivyo hivyo," alisema Fisi kwa sauti ndogo.

Kisha sauti ikatoka pembeni.

"Ni kweli, Bwana Mkubwa. Nilisema hivyo. Na mama yangu anasubiri."

Kiboko alimwona. Akamtazama muda mrefu, na nadhani ndipo alipokumbuka mtoni. Lakini jino lilimchoma, akashika shavu.

"Futa!" alimwambia Fisi. "Futa yangu!"

"Hatuna kitufe cha kumfutia mmoja, Bwana Mkubwa. Hatukutegemea kumfutia yeyote. Nikifuta, nafuta ya wote."

"Basi futa ya wote, mjinga wewe! Aaa, jino langu!"

Fisi akabonyeza. Kupe wakaanza kudondoka kutoka darini, kutoka kwenye waya, kutoka chini ya meza, pu, pu, pu, pu, wamevimba kwa siri za watu, mpaka sakafu ikawa nyeusi. Mlango ukafunguliwa, na kadi zikatolewa kwa bei moja kwa kila mtu. Nguchiro alipata ya mama yake. Hakungoja hata kushangiliwa. Aliishika kadi kwa meno akakimbia.

Alikiona kigoda kutoka mbali. Kilikuwa kitupu.

Mzee Kobe alikuwa amesimama kando yake, kanga mbili zimekunjwa mkononi.

"Alikuwa akiniuliza kama umerudi," alisema. "Kila mara aliuliza. Baadaye akaacha kuuliza."

Nguchiro aliiweka kadi juu ya kigoda. Ilikuwa mpya, ina jina la mama na harufu ya plastiki. Akakaa chini, akaegemeza kichwa hapo, na hakuna mtu aliyemwambia anyamaze.

Walimzika mama siku ya pili. Kivuli ilituma shada la maua lenye jina la kampuni kwa herufi kubwa.

Matanga yalipokwisha, Nguchiro alirudi ofisini. Foleni ilikuwa pale pale. Kupe wapya walikuwa wameshaletwa. Safari hii waliambiwa wasiiguse simu ya Kiboko, na kitufe cha kijani kilikuwa kikubwa maradufu.

"Wewe tena?" alisema Fisi. "Kadi si ulipata?"

"Nairudisha. Mwenyewe hayupo."

Akaiweka mezani. Fisi aliitazama, wala hakucheka.

"Pole," alisema. "Lakini wenzako wanangoja. Anayefuata!"

Nguchiro hakutoka. Alikwenda mlangoni, akaushika kwa mikono yake yote miwili, akauvuta. Ulikuwa mzito kuliko yeye. Kriii, ukaja, ukajifunga. Chumba kikaingia giza kidogo, na karatasi ya njano ikabaki inawatazama wote waliokuwa ndani.

"Fungua mlango!" aliruka Fisi. "Ofisi haifungwi saa hizi!"

Hakuna aliyemsikiliza. Nungunungu, aliyekuja kwa ajili ya mtoto wake, alisogea mbele akaanza kusoma kwa sauti, akitafuta herufi moja moja. Alipofika "anaweza kukataa", Ngiri alitoa simu aliyoazima akaifunga bila kubonyeza Nakubali. Mwingine naye akaifunga yake. Mwingine pia.

"Lakini binti," aliuliza Mzee Kobe kutoka nyuma ya waliokuwa ndani, "kama mtu mwenyewe ndiye aliyeingia kwao kuuliza?"

Nguchiro alikuwa bado ameegemea mlango, mkono mmoja kwenye komeo. Akasema:

"Mwenye kuuliza bei hajauza siri zake."