Mtihani wa Kumtoa Bibi Harusi

Mwalimu Shekue, mjomba wa bibi harusi, aliuziba mlango akazikataa kanga za kufungulia mlango walizoleta watu wa bwana harusi.

"Mwari hatoki mpaka mnijibu. Neno la Kiingereza 'reason' hufuatwa na kihusishi gani: 'of', 'to' au 'for'? Mkikosea, rudini kwenu mikono mitupu."

Ngoma zikanyamaza. Bwana harusi akamtazama shangazi yake, Bi Nyasasi, ambaye hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji.

"Hilo tu, mwalimu?" Bi Nyasasi akacheka. "Ila nyie wenye mlango mwaweza kutugeuzia jibu. Mnong'oneze kwanza mama yako aliyeketi hapo jibu lako, kisha nami nimnong'oneze langu. Yakifanana, tunapita."

"Haya. Mama, utasema kweli?"

"Niseme uongo na uzee huu?" akafoka Bi Mgeni, mama yake.

Mwalimu akanong'ona. Bi Nyasasi naye akainama, akanong'ona. Bi Mgeni akacheka mpaka ushungi ukamdondoka.

"Yamefanana! Wapishe, Shekue."

Vigelegele vikapasuka, mwari akatolewa. Njiani bwana harusi akauliza, "Shangazi, kumbe ulikuwa unajua?"

"Nijulie wapi, baba? Nilimwambia bibi wa watu, 'Jibu langu ni hilo hilo la mwanao.'"