Pimbi na Taji Lisilokauka

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walishindana mbio kila mwaka. Mshindi alivikwa taji la majani ya mzeituni mwitu, kisha mtunzi akaimba sifa zake na sifa za kwao. Wimbo ukishaitikiwa haukufutwa. Na mji uliotajwa, huko ndiko mshindi alikokwenda kukaa mpaka taji likauke.

Mtunzi alikuwa Pimbi, mnyama mdogo kuliko paka. Aliishi peke yake juu ya Jabali Kimya. Nduguze walihamia bondeni mwaka wa ukame. Aliisifu miji ya wenzake yote, lakini kwake hapakuwahi kutajwa, maana pimbi hashindi mbio. Kila jioni alipika uji wa kuwatosha wawili, akanywa wa mmoja.

Mwaka ule alishinda Nyati. Akaja kwa Pimbi, tifu, tifu, tifu, vumbi likimfuata.

"We Pimbi, jina langu uliimbe kwa nguvu."

"Mara ngapi, Bwana Nyati?"

"Kila mstari. Mengine jaza mwenyewe."

"Hutaki kuusikia kwanza?"

"Wa nini? Jina langu likiwemo, wimbo ni mzuri."

Pimbi akapanda juu ya kichuguu, akaimba.

"Nyati mwenye kwato za radi!"

"Ndiye!" wakaitikia wote.

"Nyati aliyemwacha Pundamilia akihema!"

"Ndiye!"

"Nyati, fahari ya Jabali Kimya!"

"Ndiye!" akanguruma Nyati mwenyewe, kuwashinda wote.

Wanyama wakageuka kumtazama Nyati. Fisi akaangua kicheko. "Kumbe mzee ni wa mawe! Sisi tulidhani kwenu mbugani."

Nyati akaligusa taji lake. Akiukana wimbo, ameukana na ushindi.

"Kwetu ndiko huko," akasema kwa sauti ndogo.

Akapanda jabali, gru, gru, mawe yakiporomoka. Jioni ile uji ulikwisha wote. Nyati alisimulia jinsi kifua kilivyomwaka alipokaribia mwisho wa mbio, na Pimbi akamwomba aanze tena.

Siku ya tatu majani yakaanza kujikunja. Asubuhi Nyati akiwa bado amelala, Pimbi alijaza maji mdomoni, akayanyunyiza juu ya taji, fyuu. Akafanya hivyo kila asubuhi. Siku ya saba taji lilikuwa bichi. Siku ya kumi Nyati akafumbua jicho moja.

"Kumbe mvua hii inayoninyeshea kichwani tu ni wewe."

Pimbi akayameza maji yaliyobaki.

"Ungeniambia tu, 'Nyati, njoo unitembelee,'" akasema Nyati.

"Ningekuambia, ungekuja?"

Nyati akafikiri sana, maana hakuwa mwongo.

"Nisingekuja."

Akalivua taji, akalianika juani. Kufika adhuhuri lilikuwa kavu, kachu kachu. Akashuka, gru, gru, mpaka hakusikika tena.

Jioni Pimbi alipika uji wa wawili.

Hila humfikisha mgeni mlangoni, wadogo zangu, lakini haimfanyi mwenyeji.