Kwa Nini Watu wa Luhindi Huulizana "Mmefungua?"

Mlicheka asubuhi, niliwaona. Yule mama wa ng'ambo alipopaza sauti, "Mmefungua?" na sisi tukaitika, "Tumefungua!" nyinyi wageni wa harusi mkaanza kufinyana. Sijakasirika. Haya, nimekasirika kidogo. Lakini mto bado umejaa, bwana harusi amekwama upande wa pili, na kunde zangu hizi hazijachambuliwa. Sogeeni basi. Mikono ichambue, masikio yanisikilize.

Zamani, kabla mababu wa mababu zetu hawajazaliwa, watu wa kando mbili za Mto Luhindi hawakusalimiana hata kwa kupungiana mkono. Huku bondeni walikaa Waluhe, wakulima wa mtama. Kule mlimani walikaa Wang'ota, wafugaji. Walipigana kwa sababu ya malisho, wakapigana kwa sababu ya maji, na mwishowe wakapigana kwa sababu jana yake walipigana. Hakukuwa na nyumba isiyokuwa na mtu wake aliyezikwa kwa ajili ya vita hivyo.

Majirani walichoka. Watu wa ziwani, wahunzi na wachimba chumvi walikutana, wakamtuma mzee mmoja wa ziwani aitwaye Ganza aje awapatanishe. Ganza alikuwa mtu wa subira sana. Alikaa kivukoni mwezi mzima akila viazi vya kuchoma, akivuka asubuhi na kurudi jioni, hadi pande zote mbili zikakubali kusitisha mapigano kwa siku arobaini. Katika siku hizo hakuna ambaye angeukaribia mto. Siku ya arobaini wangekutana kivukoni, wachinje fahali, na amani iwe ya kudumu.

Ili siku zisipotee, Ganza alisokota kamba mbili, akafunga mafundo arobaini kwenye kila moja. Kila upande ulipewa kamba yake, ufungue fundo moja kila kunapokucha. Kisha kila upande ukatoa mtu wa dhamana akaishi kwa wenzao. Malugu, mkuu wa Wang'ota, alimtoa mwanawe Lesani, mwanamume mzima mwenye ndevu zake. Waluhe walimtoa Tumwike, binti pekee wa mjane aitwaye Nakuze. Sharti lilikuwa moja, nalo lilikuwa zito: upande utakaovunja mapatano, mtu wake wa dhamana hatarudi kwao maisha.

Kwa kuwa Nakuze ndiye aliyetoa zaidi ya wote, Waluhe walimkabidhi yeye ile kamba. Lesani naye akapewa kitanda katika nyumba yake. Kila asubuhi Nakuze alikaa kizingitini, akafungua fundo moja, akasema, "Moja zaidi, mwanangu." Alifungua kwa meno pale vidole viliposhindwa.

Siku ya kumi na mbili, mama mzazi wa Nakuze akafariki. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Kwa Waluhe, siku saba za msiba hazikuwa siku. Jiko halikuwashwa, mtama haukusagwa, na hakuna aliyehesabu chochote. Hata mtoto aliyezaliwa msibani, umri wake ulianza kuhesabiwa matanga yalipoondolewa. Basi Nakuze akaitundika kamba ukutani, akaomboleza siku saba, kisha akaishusha na kuendelea pale alipoishia. Moyo wake haukumsuta hata kidogo, kwani alifanya kama alivyofundishwa.

Kule mlimani hawakuwa na habari, na hata wangekuwa nayo, wao walihesabu siku za msiba kama siku nyingine zote. Walifungua mafundo yao arobaini, wakampamba fahali kwa shanga, wakateremka naye kivukoni. Hawakumkuta mtu. Wakasubiri juani hadi likaanza kuzama. Fahali akalala chini, watoto wakalia njaa, na Malugu, ambaye alikuwa amevaa ngozi yake ya sherehe, akajiona amefanywa mjinga mbele ya ukoo wake wote. Kesho yake, kabla hakujapambazuka, vijana wake wakavuka, wakachukua mbuzi wa Waluhe na kuchoma ghala mbili za mtama.

Waluhe walipigwa na butwaa. Kamba yao bado ilikuwa na mafundo! Kwao huo ulikuwa usaliti wa mchana kweupe. Wakatoka na mikuki, mtu mmoja akapoteza sikio, mwingine akavunjika mguu. Kila upande ukaapa kwamba ni mwenzake aliyevunja mapatano. Malugu akatangaza kwamba Tumwike hatarudi tena. Waluhe wakasema hayohayo juu ya Lesani. Nakuze aliketi kizingitini na kamba yake mapajani, asiweze hata kulia.

Laiti ubaya ungeishia mtoni. Watu wa ziwani waliwalaumu Waluhe, wahunzi wakawalaumu Wang'ota, na majirani hao waliotaka kupatanisha wakaanza kugombana wenyewe. Posa ya binti wa mhunzi kwa kijana wa ziwani ikarudishwa. Wachimba chumvi, kwa kuogopa njia, wakapeleka mizigo yao kwingine, watu wa huku wakala mboga zisizo na ladha hadi wakachukia kula. Hata makabila mawili ya uwandani, yaliyokuwa karibu kupatana, yalivunja kikao chao. Walisema, "Kama ya Luhindi imeshindikana, na ya kwetu ya nini?"

Ganza hakuweza kulala kwa aibu. Akaziita pande zote kivukoni kwa mara ya mwisho, na majirani wote wawe mashahidi, ili ijulikane nani alivunja na adhabu ipite. Walikuja wakiwa wamenuna. Waluhe wakakaa huku, Wang'ota wakakaa kule, maji katikati yakifika magotini. Nyuma ya Malugu alisimama Tumwike, na mama yake alimtazama bila kupepesa.

Ganza akasimama mtoni. "Leteni kamba."

Malugu akarusha yake. Ilikuwa nyeupe, haina hata fundo. Nakuze akaingia majini, akanyoosha ya kwake. Majuma matatu yalikuwa yamepita tangu mapigano yaanze, na tangu yaanze hakufungua kitu. Ganza akahesabu mafundo kwa kidole, mara mbili.

"Saba," alisema. "Mama, haya saba yametoka wapi? Umeyafunga upya?"

"Sijafunga kitu, baba. Nilifungua kila siku iliyokuwa siku."

Wang'ota wakaangua kicheko cha dharau. Malugu akapiga fimbo chini. "Mwongo huyu! Anataka kuniibia haki yangu mbele ya watu!"

Hapo Lesani akainuka kutoka upande wa Waluhe. Alijua kabisa kwamba neno lake litamwangusha baba yake.

"Shikamoo, baba. Hasemi uongo. Nimelala nyumbani kwake. Mama yake alipokufa aliitundika kamba siku saba, na jiko halikuwaka. Niliona. Nilidhani ni huzuni tu, na mgeni haulizi watu maswali msibani. Ningeuliza, tusingefika hapa."

Kisha sauti ikatoka kule nyuma ya Malugu, sauti ndogo.

"Mama? Bibi amekufa?"

Nakuze akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia Tumwike, kwani mto ulikuwa umefungwa. Akateremka mbio hadi majini, na watu wa Malugu walipotaka kumshika, Malugu mwenyewe akawazuia kwa mkono. Mzee yule alikuwa na hasira za haraka, lakini alikuwa na mama pia. Alivua ngozi yake ya sherehe, akaiweka chini, akasema, "Poleni na msiba. Hatukujua." Mbuzi wakarudishwa siku ileile, na Wang'ota wakaahidi kujenga ghala zile upya. Nawaambieni, watu walishusha pumzi hadi ikasikika. Wahunzi na watu wa ziwani, walionuniana tangu asubuhi, walikutwa wakigawana viazi vya Ganza.

Hata hivyo Nakuze alikataa njia ya mkato. "Zimebaki saba," alisema. "Tuzimalize pamoja, asije mtu akasema tulidanganya." Basi wote wakapiga kambi kivukoni, watu wa dhamana kila mmoja upande aliokuwa. Na kila kulipokucha, Tumwike alisimama ukingoni, akaita, "Mama, umefungua?" Na Nakuze akainua kamba juu, "Nimefungua, mwanangu!" Fundo la saba lilipofunguka, fahali alichinjwa, na Tumwike akavuka mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono. Chumvi ikarudi, posa ikarudi, na watu wa uwandani wakakaa tena kikaoni.

Asubuhi ya nane kamba haikuwa na fundo hata moja. Lakini mtu mmoja wa ng'ambo, kwa mazoea tu, akaita, "Mmefungua?" Waluhe wakacheka, wakaitika.

Na tangu siku hiyo hatujaacha. Tukiwa na msiba tunajibu, "Bado," na wao huacha kila kitu, wakavuka na unga na kuni, wakaketi nasi hadi siku zetu zianze tena.

Haya, zile kunde mbovu zitupwe kwa kuku. Na kesho asubuhi wakituita, nyinyi ndio mtakaoitika. Kwa sauti, bwana harusi asikie.