Ubeid na Lahani ya Adhuhuri

Wamesimulia waliotutangulia, na ujuzi wote uko kwa Mola, kwamba katika mji mmoja kando ya mto Furati aliishi mtunzi wa lahani, yaani sauti za nyimbo, aliyeitwa Ubeid bin Tarifu. Bwana huyo alipopiga udi, kinanda chake cha nyuzi, ngamia sokoni walisahau kutafuna; na asemaye walikuwa ngamia wawili amepunguza, ulikuwa msafara mzima. Aliwatumikia maamiri watatu, na kwa miaka arubaini hakuoa mtu mjini pale bila kuimbiwa lahani zake.

Kisha zikamkauka. Vidole vilikwenda, moyo haukwenda. Na hapo ndipo Amiri alipotaka lahani mpya ya kuwapokea mahujaji watakaporudi kutoka Makka.

"Atakayeileta atakuwa mkuu wa watunzi wangu maisha yake yote," akasema. "Na atakayeniletea ya mwenziwe akaiita yake, udi wake utakuwa kuni."

Ubeid akaomba dua, akalala kailula, ule usingizi mfupi wa adhuhuri. Basi baina ya kulala na kuamka, pale ambapo mtu hajui kama ni yeye au ni mto, akaisikia: lahani inazunguka polepole, kana kwamba maji yanakumbuka jambo. Siku tatu ikamjia, kila siku kipande. Akasujudu kwa shukrani, akaipeleka barazani. "Nimepewa ndotoni," akasema. Amiri akalia hadi ndevu zikalowa, akamvika joho la ukuu.

Zikasalia siku chache mahujaji wafike. Adhuhuri moja Ubeid akakosa usingizi kwa furaha, akazunguka nyuma ya nyumba kutafuta kivuli. Ng'ambo ya ukuta alikuwako Bibi Lubaba, mjane, anasaga shayiri huku akiimba. Lahani ni ile ile! Ubeid akausogelea ukuta.

"Bibi, wimbo huo umefunzwa na nani?"

"Na jiwe hili, mwanangu. Linazunguka, nami nalifuata. Mwaka wa kumi na tisa huu, tangu mto uliponichukulia mtoto wangu Mudriki."

"Unajua kwamba unaimbwa kwa Amiri?"

Bibi akacheka mpaka unga ukaruka. "Kwani kwa Amiri nako wanasaga wenyewe?"

Ubeid akarudi ndani, joho likimwelemea mabegani. Mkewe, Hamduna, akamwambia, "Bwana wee, nyamaza. Mwenyewe anacheka, wewe unalia nini? Hukuiba, ulilala!"

"Jana nilikuwa nimelala, Hamduna. Leo niko macho."

Akaenda barazani, akalivua joho mbele ya watu wote, akauweka udi wake miguuni pa Amiri. "Lahani ile si ya ndoto wala si yangu. Ni ya mwanamke anayesaga shayiri nyuma ya ukuta wangu. Nilikuwa sijui, sasa najua."

Amiri akauliza, "Ungenyamaza, nani angejua?"

"Angejua Yule aliyenipa usingizi."

Amiri alitamani kusamehe, lakini neno alikwisha kulisema mbele ya mji. Udi ukatiwa motoni, na Ubeid akatazama ukiungua mpaka uzi wa mwisho ulipokatika, wala hakusema ila "Alhamdulillahi". Kisha akaulizwa Bibi Lubaba anataka tuzo gani. Akajibu kwamba yeye ana shayiri ya kusaga. Lakini wakiimba, basi wamtaje mwanawe.

Mahujaji walipoingia, vumbi la dhahabu likiwa juu yao kama pazia, mji mzima ukaimba jina la Mudriki na kumwombea rehema. Bibi akaacha kusaga, akasikiliza. Pembeni yake alisimama Ubeid, mikono mitupu, naye anapiga makofi kama mtu yeyote.

Akaishi baada ya hapo miaka saba akifundisha kwa mdomo tu. Na kila lahani, kabla hajaifungua, alitaja njia yake kama wanavyotaja wapokezi wa hadithi za Mtume: "Hii nimeipokea kwa fulani, naye kwa fulani." Ya Lubaba ndiyo aliyoitanguliza daima: "Nimeipokea kwa Lubaba, naye kwa huzuni yake, na huzuni yake ilikuwa amana kwa Mola wake."

Basi ndugu yangu, unaposifiwa kwa kitu, jiulize kwanza ulikipokea kwa nani, umtaje angali hai akusikie.